Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Kila mwanajeshi na kila polisi aliyepitia mafunzo anaikumbuka asubuhi yake ya kwanza ya kubeba shanta. Ukungu haujaondoka uwanjani, na kuruta wamekwisha kupanga safu, kila mmoja na mzigo wake mgongoni. Wapo kati yao waliozoea tangu utotoni kwenda shule kwa miguu maili nyingi na kurudi, na wapo waliolelewa mjini ambao hawajapata kubeba kitu kizito kuliko kikapu cha sokoni. Wote hupewa uzito mmoja, huamriwa mwendo mmoja, na hutazamiwa kufika wakati mmoja. Jioni inapofika, mmoja anacheka, mwingine anachechemea, na wa tatu hayumo katika safu.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya huyo asiyekuwamo katika safu, na kwa ajili ya wale waliomwamuru aende.

Tuseme mapema kwamba nia yetu si kuyalegeza mafunzo. Kutembea na mzigo ni zoezi ambalo askari hawezi kuliepuka, na ni machache mazoezi yenye faida kubwa kama hilo kwa gharama ndogo. Halihitaji uwanja, halihitaji mashine, wala halihitaji mwalimu kutoka ng'ambo. Linahitaji njia, mfuko na mtu mwenye nia. Lakini linahitaji pia kipimo, na kipimo ndicho kitu kinachosahauliwa mara nyingi, kwa sababu mzigo umegeuzwa kuwa adhabu ya mkosaji, au shindano la kutafuta nani mwanamume zaidi.

Wahenga walisema: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake, uzito ulio juu ya bega la mwingine huonekana mwepesi kama mfuko wa sufi. Wahenga hawakuisifu tabia hiyo; walikuwa wakituonya nayo.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Majeshi yameujua mzigo tangu kale. Vegetius, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,600 iliyopita, ameeleza jinsi kuruta wa Roma walivyotakiwa kwenda maili 20 za Kirumi, karibu kilometa 30, kwa saa 5 za kiangazi, ambazo kwa saa zetu ni zaidi kidogo ya 6. Akaeleza pia kwamba walizoezwa kubeba hadi ratili 60 za Kirumi, yaani kilo 20 hivi, mbali na silaha. Jambo la kuzingatia ni kwamba hayo yalikuwa mazoezi ya kurudiwarudiwa wakati wa amani, ili siku ya vita mwili usikutane na jambo geni.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tunayo historia yetu ya mzigo, nayo ina heshima na ina machozi. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda kati ya bara na Bagamoyo ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, hasa Wanyamwezi, ambao umahiri wao ulijulikana kila mahali. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Watu wale hawakuokotwa njiani. Upagazi ulikuwa kazi yenye ufundi wake, ambayo kijana alijifunza kwa kufuatana na wakubwa.

Baadaye vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 hadi 1918. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yakakwama katika matope, na Waingereza wakaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka katika nchi zetu, Uganda ikiwamo. Hao hawakuwa wapagazi wa kazi. Wengi walikuwa wakulima waliochukuliwa mashambani, wakatwikwa mizigo siku hiyohiyo na kutembezwa katika nchi ya baridi au ya joto wasiyoizoea, kwa chakula wasichokijua. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor mjini Nairobi vinalichukua jina la kikosi kile cha wapagazi, kama lilivyotamkwa na watu wetu. Kila anayepita huko anapita juu ya kumbukumbu ya watu waliobebeshwa bila kipimo.

Asije mtu akasema kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na karne ile. Katika vita vya mwaka 1978 na 1979, askari wengi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, walitoka upande wa Kagera na kufika Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, wakiwa wametembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Miaka mitatu baadaye, katika visiwa vya Falkland, Waingereza walipoteza helikopta nyingi za mizigo meli moja ilipopigwa kwa kombora tarehe 25 Mei 1982. Makomando wao wa majini wakalazimika kwenda kwa miguu kilometa 90 hivi kwa siku 3, katika ardhi ya matope na upepo wa baridi, kila mmoja na mzigo wa kilo 36 hivi. Waliweza kwa sababu walikuwa wamezoezwa kwa miaka. Mashine ikiharibika, kinachobaki ni miguu ya askari.

MWILI UNAVYOUPOKEA MZIGO

Yafaa sasa tueleze kinachotokea ndani ya mwili, maana anayeijua sababu hutii kwa moyo.

Kwanza, mahali uzito ulipo ni jambo kubwa kama uzito wenyewe. Kilo moja katika kiatu humchosha mwendaji kama kilo 4 hadi 6 zilizofungwa mgongoni, kwa sababu mguu huinuliwa na kutupwa mbele kwa kila hatua. Basi anayejifunga vyuma vya uzito miguuni akidhani anaongeza nguvu, anajidhulumu magoti. Vilevile aendaye na buti zilizolowa maji analipa gharama asiyoiona.

Pili, ardhi nayo hudai ushuru wake. Mchanga uliolegea hula nguvu karibu maradufu ya barabara ngumu, kwa mwendo uleule na mzigo uleule. Kamanda anayepanga mwendo kwa kutazama kilometa tu katika ramani, bila kuuliza njia ina nini, hajapanga bado.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sehemu za mwili hazikomai kwa wakati mmoja. Moyo na mapafu huzoea upesi, kwa muda wa wiki chache, misuli hufuata, lakini mifupa na kano huja nyuma polepole. Tena mfupa unaopewa kazi mpya huanza kwa kuondoa chembe zake za zamani kabla ya kujenga mpya, na kwa hiyo katika wiki za mwanzo huweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mafunzo. Hapo ndipo ulipo mtego. Kuruta wa wiki ya 4 anajisikia simba, pumzi anayo, mapaja yamejaa. Lakini mifupa ya nyayo zake haijawa tayari. Akiongezewa uzito kwa kutazamwa uso wake, huvunjika.

Ugonjwa huo si mpya. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, alieleza habari za askari waliovimba nyayo baada ya miendo mirefu. Hakuweza kuona ndani ya mguu, kwani miali ya eksirei haikugunduliwa hadi mwaka 1895. Ilipopatikana, ikaonekana kwamba uvimbe ule ulikuwa ufa katika mifupa myembamba ya unyayo, ufa usioletwa na pigo moja bali na hatua elfu nyingi.

Basi je, ni nani aliyeuweza mzigo? Wanasayansi waliofanya utafiti wao Nairobi waliwapima akina mama wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986, nayo yalistaajabisha wengi: akina mama wale waliweza kubeba hadi sehemu ya 5 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba siri iko katika mwendo wao, ambao hupoteza nguvu kidogo kwa kila hatua kuliko mwendo wa mtu asiyezoea. Hawakuzaliwa na ufundi huo. Binti huanza na kibuyu kidogo cha maji, halafu mtungi mdogo, halafu mkubwa, kwa miaka mingi, na hakuna mama anayemtwika mtoto mtungi mkubwa siku ya kwanza ili amwone kama ni hodari. Kuhusu mzigo, sisi wenye vyeo na filimbi tunayo ya kujifunza kutoka kwa mama zetu.

DENI LETU

Yatosha kueleza ya wengine. Sasa tuseme yaliyotupata sisi tunaoandika haya.

Tulipokuwa katika chuo cha makadeti, uongozi wa seksheni ulikwenda kwa zamu ya wiki. Alikuwako mwenzetu mmoja, mtu mpole, hodari darasani na mwenye shabaha nzuri. Katika wiki ya 6 alianza kulalamika juu ya mguu wa kushoto. Alisema maumivu humjia akiwa njiani, hupungua akilala, na kesho yake huanza mapema zaidi kuliko jana. Akiubonyeza unyayo kwa kidole, palikuwa na mahali pamoja, si pakubwa kuliko sarafu, ambapo hakuweza kuvumilia.

Alipelekwa kwenye zahanati, akapigwa picha, na picha haikuonyesha kitu. Alirudi na karatasi iliyosema yu mzima. Jioni ile bweni lote lilicheka. Wengine walimwita bibi arusi. Wengine walisema kwamba mguu wake umeponywa na kamera.

Wiki iliyofuata zamu ya uongozi ilikuwa yetu. Palikuwa na mwendo wa kilometa 20. Asubuhi mwenzetu alitujia kando, akatuomba kwa sauti ndogo kwamba mfuko wa mchanga uliokuwa katika shanta yake tuugawe kati ya watu wawili kwa siku ile tu. Hakuna kanuni iliyotukataza. Mkufunzi angekubali lau tungemwambia. Lakini tuliogopa kucheka kwa wenzetu, tukaogopa seksheni yetu kuonekana dhaifu, tukamjibu mbele ya watu: "Karatasi imesema u mzima. Panga safu."

Alipanga safu. Alikwenda kilometa 13 bila kusema neno. Katika mteremko mmoja wa mawe tulisikia ameanguka, na tulipomfikia hakuwa akilia, alikuwa akiomba radhi. Mguu ulikuwa umevimba hata buti ikakatwa kwa kisu. Tukamgawana wakati huo, yeye na mzigo wake wote, tukambeba kwa machela hadi barabarani. Mchanga tuliokataa kuugawa asubuhi tuliubeba mchana pamoja na mwenyewe juu yake.

Picha ya pili ilionyesha mfupa uliokwisha kuvunjika. Daktari alitueleza jambo ambalo tungalipaswa kulijua: kwamba ufa wa namna ile mara nyingi hauonekani katika picha wiki 2 au 3 za kwanza, na kwamba kidole cha mgonjwa husema kweli kabla ya kamera.

Mwenzetu hakufukuzwa. Alitibiwa, akaungwa na kundi lililofuata, akapata kamisheni yake mwaka mmoja baada yetu. Leo ni ofisa mzuri anayependwa na askari wake. Lakini jeshini mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Tuliingia chuoni siku moja, kwa lori moja, na kila tukutanapo yeye hututangulia kwa saluti, kwa kuwa sisi tu wakubwa wake. Hajapata kutulaumu. Huinua mkono, hutabasamu na kutuuliza habari za watoto. Nasi tunapoirudisha saluti ile tunajua tumeipata kwa njia gani.

NAMNA YA KUANZA

Kwa ndugu askari anayetaka kuanza, au kuanza upya baada ya ugonjwa, likizo au miaka ya ofisini, tunashauri hivi.

Asibebe kitu chochote kabla hajaweza kutembea kilometa 5 kwa saa moja bila mzigo na bila maumivu. Akiweza hilo, aanze na sehemu ya 10 ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 70 ataanza na kilo 7. Wiki ya 1 na ya 2 aende kilometa 5. Wiki ya 3 na ya 4 abaki na kilo 7 zilezile, lakini aende kilometa 7 au 8. Wiki ya 5 na ya 6 aongeze hadi kilo 10, na njia irudi kuwa fupi, kilometa 5 au 6. Wiki ya 7 na ya 8 njia iongezwe hadi kilometa 9 au 10. Wiki ya 9 apumzishe mwili kwa kutembea mitupu. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 abebe kilo 14, na njia ipande polepole kutoka kilometa 6 hadi 10. Hapo atakuwa amefikia sehemu ya 5 ya uzito wake, kipimo kilekile cha akina mama tuliowataja, na kwa mtu anayetafuta afya hiki kinatosha kabisa.

Kanuni iliyomo humo ni moja: kati ya uzito, urefu wa njia na kasi, ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja, na kingine kikae au kirudi nyuma.

Haifai kubeba kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku nyingine ziwe za kukimbia, za mazoezi ya nguvu na za kupumzika. Majaribio ya kijeshi yameonyesha kwamba anayetembea na mzigo mara 2 hadi 4 kwa mwezi, pamoja na mazoezi hayo mengine, huendelea vizuri kuliko anayefanya mara moja tu kwa mwezi. Wala mtu asione haya kwa uzito mdogo. Katika matembezi maarufu ya Uholanzi yaliyoanzishwa mwaka 1909, ambayo hufanyika Nijmegen, wanajeshi huenda kilometa 40 kila siku kwa siku 4, na mzigo unaotakiwa ni kilo 10. Hakuna anayewacheka.

Mzigo ufungwe vizuri. Vitu vizito vikae juu na karibu na mgongo, visining'inie nyuma kama mtoto aliyelala. Mkanda wa kiunoni, ukiwapo, ukazwe ili nyonga zichukue sehemu ya uzito, kwa maana kamba zikikaa mabegani peke yake kwa saa nyingi hubana mishipa ya fahamu, na mkono hufa ganzi na kukosa nguvu. Anayefanya mazoezi peke yake na abebe maji katika jerikeni ndogo ndani ya mfuko. Akizidiwa njiani ataimwaga na kurudi nyumbani mwepesi, ambalo haliwezekani kwa mtu aliyebeba tofali la Serikali.

MIGUU, MAJI NA JOTO

Buti mpya zisivaliwe siku ya mwendo mrefu. Zivaliwe kambini kwanza hadi zimjue mwenyewe. Soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, hupunguza malengelenge, na soksi kavu ya akiba ni mali kuliko biskuti. Mahali panapoanza kuwaka moto katika mguu pashughulikiwe wakati huohuo, kwa kusimama na kufunga plasta, si baada ya kilometa 10 za ushujaa. Kwa hiyo majeshi mengi yana desturi ya kusimama baada ya dakika 45 za kwanza kwa robo saa, ili kamba na soksi zirekebishwe, na baadaye kupumzika dakika 10 baada ya kila dakika 50.

Joto huua upesi kuliko uzito, na hayo yote mawili yakikutana ni hatari. Askari wetu waliotumwa Mogadishu tangu Machi 2007 wanajua maana ya kuvaa fulana ya kuzuia risasi katika joto la pwani: hewa haipiti, na jasho halikauki. Kila mtu anywe maji kidogo kidogo njiani kote, lakini yasizidi lita 1 na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu na kuleta hatari nyingine. Mtu akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyofuatana au kusahau mahali alipo, huyo si mlevi wala mjanja. Mvueni mzigo na nguo, mwekeni kivulini, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima na kumpepea, huku mkimwita tabibu. Apozwe kwanza, gari lije baadaye. Dakika zinazopotea kungoja gari ndizo zinazomwua.

NDUGU ZETU POLISI NA WATU WA OFISINI

Yasidhaniwe kwamba hayo ni ya wanajeshi peke yao. Polisi wa doria husimama saa 8 au zaidi akiwa na buti, mkanda, bunduki ambayo pamoja na risasi 30 hukaribia kilo 5, na siku za ghasia ngao na kofia ya chuma juu yake. Huo ni mzigo, ingawa haukuitwa hivyo na mtu. Aliyezoea kilo 10 katika zoezi la asubuhi hatalalamika kiuno jioni.

Na wako wakubwa wetu wa ofisini, ambao sare zimekuwa zikishonwa upya kila mwaka kuelekea upande mmoja. Kwao kukimbia ni taabu kwa magoti, lakini kutembea na kilo 5 mgongoni kutoka nyumbani hadi kazini huutia moyo kazi, huimarisha mapaja na mgongo, na husaidia kuhifadhi mifupa uzeeni. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, na amwone daktari kwanza. Hiyo ni busara. Hakuna anayeona aibu kupima mafuta ya gari kabla ya safari.

NENO KWA WENYE AMRI

Tunamalizia kwa wale wenye uwezo wa kusema "panga safu", kuanzia koplo hadi juu.

Mzigo mmoja kwa watu wote si usawa. Kilo 22 juu ya mtu wa kilo 80 ni kama robo ya mwili wake na zaidi kidogo. Kilo hizohizo juu ya binti wa kilo 55, ambaye naye ni askari kama wewe, ni sehemu 40 katika 100. Ni kweli kwamba vitani bomba la mota halipungui uzito kwa ajili ya mtu mdogo. Ndiyo sababu mafunzo yamfikishe huko kwa ngazi, wala yasimrushe. Mwongozo wa Jeshi la Marekani wa mwaka 1990 kuhusu mwendo wa miguu ulishauri mzigo wa mapigano usizidi kilo 22 hivi, na wa safari usizidi kilo 33. Hayo yalikuwa ya watu waliokwisha kuzoezwa, si ya kuruta wa mwezi wa kwanza.

Mzigo usiwe adhabu. Anayefundishwa kuichukia shanta ataitupa siku utakapohitaji kilichomo ndani yake. Askari anayesema ana maumivu mahali pamoja, yanayorudi mapema zaidi kila siku, asikilizwe, hata kama karatasi imesema yu mzima. Wako wanaosingizia, nasi tunawajua. Lakini mvivu mmoja akipumzishwa bure, jeshi limepoteza siku moja. Mkweli mmoja akilazimishwa, jeshi limepoteza miezi, na pengine mtu.

Kiongozi na abebe pia. Abebe uzito uleule, atembee mahali ambapo aliye nyuma kabisa anaweza kumwona, na kila wanaposimama apite kati ya watu wake akiwatazama miguu. Hayo hayapunguzi cheo. Sisi tungalifanya hivyo asubuhi moja tu, miaka ile, yupo mtu ambaye leo asingalitutangulia kwa saluti.